Kuba, Yai, Dege: Upatanisho wa Kisarufi na Uhai wa Ndege Rukhu katika Safari za Sindbad Baharia

Ikisiri

Makala haya yanamhakiki ndege Rukhu wa Safari za Sindbad Baharia kwa jicho la msimulizi na msomaji wa Kiswahili. Uhakiki mwingi umeshughulika na ukubwa wa ndege huyu na chanzo chake katika maumbile, hasa mifupa na mayai ya ndege mkubwa wa Madagaska aliyekwisha kutoweka. Makala yanadai kwamba uzito wa kisimulizi wa Rukhu umo katika wakati ambapo kitu kilichodhaniwa kuwa jengo kinatambuliwa kuwa uhai wenye wazazi, na kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili humlazimisha msimulizi aamue wakati huo ni upi. Mifano imetolewa katika safari ya pili na ya tano, ikalinganishwa na kisa cha Abdurrahmani wa Maghribi katika Alfu Lela U Lela.

Utangulizi

Baharia aliyesahauliwa kisiwani anapanda juu ya mti. Anaona maji, mbingu, miti na mchanga. Kisha, mbali ndani ya kisiwa, anaona kitu cheupe kikubwa, anashuka na kukiendea. Ni kuba refu, laini, lisilo na mlango; analizunguka ili kulipima na kuhesabu hatua hamsini. Akiwa bado anawaza jinsi ya kuingia ndani, jua linafifia ghafla, naye anadhani wingu limelifunika. Anainua macho na kuona ndege. Ndipo anapokumbuka habari alizowahi kuzisikia kwa wasafiri, kwamba yuko ndege aitwaye Rukhu ambaye chakula cha makinda wake ni tembo, na anatambua kuwa kuba alilokuwa akilizunguka ni yai.

Kisa hiki cha safari ya pili kinajulikana sana, na huenda kujulikana huko ndiko kulikokifanya kisisomwe kwa makini. Msomaji hubaki na ukubwa: yai la hatua hamsini, mbawa zinazoziba jua. Lakini ukizitazama hatua za kisa chenyewe, utaona kwamba ukubwa ndio unaomdanganya Sindbad. Kwa sababu ya ukubwa analiita yai kuba, na kwa sababu hiyohiyo anamwita ndege wingu. Anayemfikiria Rukhu kwa kipimo cha ukubwa peke yake amebaki pale aliposimama Sindbad kabla hajainua macho.

Historia ya matini itajwe kwa ufupi. Safari za Sindbad hazimo katika hati ya kale ya Kisiria ya Alfu Lela U Lela iliyohaririwa na Muhsin Mahdi mwaka 1984. Antoine Galland alizipata katika hati nyingine, akazitia katika juzuu zake za Kifaransa zilizotoka kati ya 1704 na 1717. Baadaye zikachapishwa kwa Kiarabu katika matoleo ya Bulaq (1835) na Calcutta (1839–1842), na masimulizi ya matoleo hayo ndiyo yanayofuatwa hapa, isipokuwa pale Galland anapotajwa. Kwa upande wa Kiswahili, mkusanyiko huu umepita katika mikono kadhaa, tangu tafsiri ya Edwin Brenn iliyosimamiwa na Frederick Johnson enzi ya utawala wa Waingereza hadi tafsiri ya Hassan Adam iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Wapo pia walioazima bila kutafsiri: Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alichukua kisa cha ndugu waliogeuzwa mbwa, akawageuza manyani na kukijenga upya kisa hicho kwa maadili na lugha yake. Makala haya hayakusudii kuzipanga tafsiri kwa ubora. Yanauliza swali linalotangulia tafsiri yoyote: Kiswahili chenyewe kinamtaka msimulizi aseme nini kuhusu ndege huyu, atake asitake?

Jina la ndege nalo linahitaji neno moja. Kiarabu humwita rukhkh. Katika mkondo wa kawaida wa utohoaji, kh ya Kiarabu huwa h katika Kiswahili sanifu, kama inavyoonekana katika habari, hatari na heri. Irabu hupachikwa mwishoni, na tunapata *ruhu. Hapo jina linagongana na ruhu, umbo la kishairi la roho. Mgongano huo ungempendeza mshairi na kumsumbua mfasiri. Hapa limetumiwa umbo Rukhu, kwa kuihifadhi kh ambayo wasemaji wengi wa pwani huitamka bila taabu.

Mifupa ya Madagaska

Mwaka 1851 Isidore Geoffroy Saint-Hilaire aliwasilisha mjini Paris maelezo ya ndege aliyempa jina la kisayansi Aepyornis maximus, kutokana na mayai na mifupa iliyoletwa kutoka Madagaska. Yai lake lilikuwa na ujazo wa takribani lita 8 au 9. Karibu karne mbili kabla yake, mwaka 1658, Étienne de Flacourt alikuwa ameandika kuhusu ndege mkubwa wa kusini mwa kisiwa hicho, jina lake likiwa na neno vorona, yaani ndege kwa Kimalagasi. Tangu hapo imekuwa desturi kuuliza kama Rukhu si kumbukumbu ya ndege huyo, iliyokuzwa na mabaharia.

Desturi hiyo ina mashiko kwa sababu ya Marco Polo. Katika kitabu alichosimulia akiwa kifungoni Genoa mwaka 1298, kalamu ikiwa mikononi mwa Rustichello wa Pisa, Polo anamweka ndege aitwaye ruc katika visiwa vya kusini mwa Madagaska, ambako mkondo wa bahari ni mkali kiasi kwamba merikebu zikienda hazirudi. Anasema ndege huyo humnyanyua tembo juu, akamwachia aanguke na kupasuka, kisha akamla. Henry Yule, aliyemtafsiri na kumfafanulia Polo kwa Kiingereza katika karne ya 19, alidokeza kwamba unyoya mrefu uliopelekwa kwa Khan Mkuu ulikuwa kuti la mwale.

Ufafanuzi huu una mvuto wa fumbo lililofumbuliwa, lakini hauisaidii hadithi. Ndege wa Madagaska hakuruka. Yai lake, kubwa kuliko yai lolote linalojulikana, lina mzunguko wa karibu mita moja, mtu akaweza kulikumbatia. Tena Madagaska haina tembo. Polo anadai kwamba tembo wamejaa huko, na wachambuzi wengi wameona kwamba amechanganya habari za kisiwa na habari za pwani ya bara, pengine Mogadishu. Tukimwondolea Rukhu mbawa, yai lake na tembo wake, hatujaeleza chanzo chake. Tumemweka ndege mwingine mahali pake.

Tembo ndiye wa kufuatwa zaidi kuliko mifupa. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, ameeleza jinsi pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilivyopelekwa Omani, na kutoka huko India na China. Kwa mfanyabiashara wa Basra au Siraf, tembo ni shehena inayotembea. Ndege anayewalisha watoto wake tembo analisha watoto wake bidhaa. Mwishoni mwa safari ya pili Sindbad anaeleza jinsi kifaru anavyomchoma tembo kwa pembe na kutembea naye kichwani, mafuta ya tembo yakamtiririkia machoni hadi akapofuka, kisha Rukhu akaja na kuwabeba wote wawili kwenda kuwalisha makinda. Bonde la almasi lina mpango huohuo: wafanyabiashara hutupa vipande vya nyama bondeni, almasi zikanata, tai wakavinyakua vipande hivyo na kuvipandisha mlimani, kisha wafanyabiashara wakawafukuza tai na kuchukua almasi. Mahali pengi ndege anapotokea katika safari hii, kuna mali anayoipeleka kwa watoto wake na mtu anayeitaka mali hiyo.

Kwa hiyo Rukhu si pambo la bahari ya mbali. Ni mshindani, na pia ni mzazi. Sifa hizi mbili zinakutana katika safari ya tano, na hapo ndipo sarufi inapoanza kuwa na la kusema.

Ngeli moja, vitu vingi

Sarufi nyingi za Kiswahili hufundisha kwamba nomino za viumbe wenye uhai, hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa ngeli ya 1/2: kiboko amezama, kipofu huyu, tembo wale. Kanuni hiyo ndiyo inayotuwezesha kupambanua maana za neno ndege. Ndege ametua mtini ni kiumbe. Ndege imetua uwanjani ni chombo. Ipo maana ya tatu ambayo kamusi za zamani zinaihifadhi na vijana wengi hawaijui: ndege kwa maana ya fali, kama katika ndege njema na ndege mbaya. Fali nayo huchukua upatanisho wa ngeli ya 9. Ndege mwema ni kiumbe mwenye tabia njema. Ndege njema ni dalili ya heri kwa msafiri. Tofauti yote imo katika kiambishi.

Kanuni hiyo hulegea katika hali ya ukubwa. Jitu, joka na dege huingia ngeli ya 5/6, na huko upatanisho wa li- hutumika sana hata kwa viumbe walio hai: joka lilimmeza, jitu lile likacheka. Lugha ya methali inaonyesha jambo hili vizuri kuliko lugha ya darasani. Jogoo la shamba haliwiki mjini: jogoo ni hai, anawika, lakini kejeli ya methali imemvua upatanisho wa viumbe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: zimwi lina ujuzi, lina hamu na hata lina kiasi, na bado li- haliachwi. Wapo wasimulizi wanaosema jitu yule akacheka, na wapo wanaochanganya namna zote mbili ndani ya aya moja. Kuna wahariri waliozoea kuisahihisha tofauti hii ili matini iwe na upatanisho mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usahihishaji huo ni hasara, kwa kuwa mara nyingi mchanganyiko wenyewe ndio maana.

Turudi kisiwani. Msimulizi wa Kiswahili wa safari ya pili anayapata majina yake yote katika ngeli ya 5 bila kuyatafuta. Kitu cheupe ni kuba. Kinachoziba jua ni wingu. Kuba linageuka kuwa yai. Mwenye yai, kwa ukubwa wake, ni dege. Mtoto wake ni kinda. Wazazi ni dume na jike. Silaha yao katika safari ya tano ni jiwe au jabali. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu:

(1) Nikaliona kuba jeupe, nikalizunguka, nikaliona halina mlango.

(2) Nikaliona yai jeupe, nikalizunguka, nikaliona halina mlango.

(3) Nikaliona dege, likatanda, likalilalia yai lake.

Kati ya (1) na (2) sarufi haikubadilika hata kidogo. Sindbad anaweza kusimulia kisa kizima cha kosa lake kwa li- moja, na msikilizaji asijue ni lini jengo limekoma kuwa jengo. Kiarabu kina bahati inayofanana na hii: qubba, kuba, na bayda, yai, zote ni nomino za kike, kwa hiyo kiwakilishi hakisaliti siri. Lakini kinapofika kwa rukhkh, ambayo ni ya kiume, Kiarabu hubadilisha jinsi ya kisarufi tu, na jinsi hiyo haisemi lolote kuhusu uhai. Ukuta nao ni wa kiume. Msimulizi wa Kiswahili yuko katika hali tofauti. Akifika (3) ana njia mbili, na hana ya tatu: likalilalia yai lake, au akalilalia yai lake. Akichagua ya kwanza, Rukhu anabaki katika safu ya makuba na mawingu, sehemu ya mandhari. Akichagua ya pili, ametamka kwamba kisiwani kuna mwenyewe.

Tendo linalofuata linaipa hoja hii nguvu. Sindbad anafungua kilemba chake, anakisokota kiwe kamba, anajifunga kwenye mguu wa ndege aliyelala, na asubuhi anabebwa hadi kwenye bonde la almasi. Ndege hajui kwamba amebeba mtu. Galland na wafuasi wake huusifu ujanja huu, na kweli ni ujanja. Hata hivyo, kwa upande wa upatanisho Sindbad amejifunga kwenye mguu kama mtu anavyofunga mashua gatini. Anamtumia ndege kama chombo, yaani ndege ya ngeli ya 9, karne nyingi kabla ya Waswahili kuhitaji neno la chombo hicho. Msimulizi anayesema ikaruka katika aya hii, kwa makusudi au kwa kuteleza ulimi, hajakosea sana. Amesema alichokifikiri Sindbad.

Kinda

Katika safari ya tano Sindbad amenunua jahazi lake mwenyewe na kuwachukua wafanyabiashara kama abiria. Wanafika kisiwani, abiria wanashuka, wanaona kuba jeupe. Wao nao wanadhani ni jengo. Wanalipiga mawe, linapasuka, maji mengi yanatoka, na ndani anaonekana mtoto wa Rukhu. Wanamvuta nje, wanamchinja, wanapata nyama tele. Sindbad yuko jahazini. Abiria mmoja anamwita aje alitazame yai walilolidhania kuba. Naye anatazama na kupiga kelele waache, kwa kuwa Rukhu atakuja kuvunja jahazi na kuwaangamiza.

Mambo mawili hapa yamepitwa na wahakiki. La kwanza ni mpangilio wa usimulizi: onyo la Sindbad linasikika baada ya kuchinja kusimuliwa. Galland anaunyoosha mpangilio huu kwa kumfanya Sindbad aonye mapema na asisikilizwe. Msomaji wa Galland anapata shujaa mwenye busara. Msomaji wa Bulaq anapata mtu anayechelewa. La pili ni sababu anayoitoa. Hasemi kwamba kilichomo yaini ni mtoto wa kiumbe. Anasema jahazi litavunjwa. Mtu aliyewahi kulala usiku mzima kando ya ndege akiatamia, aliyeona kwa macho yake uangalizi wa mzazi, anapopata nafasi ya kusema neno anataja mali.

Msimulizi wa Kiswahili anaingia katika aya hii akiwa na li- mdomoni, iliyomfikisha salama kutoka kuba hadi yai. Swali ni wapi aiache:

(4) Wakalipiga mawe, likapasuka, wakalitoa kinda, wakalichinja.

(5) Wakalipiga mawe, likapasuka, wakamtoa kinda, wakamchinja.

Sentensi (4) ni sahihi kisarufi na inaridhisha kwa mdundo: li- inapigwa mfululizo kama mawe yenyewe. Ndiyo sentensi ya wafanyabiashara. Kwao hapakuwa na wakati ambapo kitu kilikoma kuwa kitu. Kuba limekuwa yai, yai limekuwa kinda, kinda limekuwa nyama. Na hapo Kiswahili kina jambo jingine la kuongeza, kwa kuwa nyama katika matumizi ya zamani ilikuwa pia mnyama, na ni upatanisho uliotenganisha nyama yule aliye mwituni na nyama ile iliyo chunguni. Katika (5), kwa upande mwingine, -m- inatokea kabla ya kisu. Msikilizaji anaambiwa kwamba aliyetolewa ni nani, si nini, na kwamba wachinjaji walikuwa na nafasi ya kulijua hilo.

Ipo hoja ya kutetea kila moja, na msimulizi hodari anaweza hata kuzigawa: wakalitoa kinda, wakamchinja. Makala haya yanaipa (5) uzito zaidi katika matini iliyoandikwa kwa jina la msimulizi wa nje, na (4) pale ambapo kinywa ni cha mfanyabiashara. Tatizo la safari hizi ni kwamba msimulizi wake ni mfanyabiashara. Sindbad anasimulia yote haya barazani kwake Baghdadi, mbele ya Sindbad Hammali, akiwa ameshatajirika. Je, katika usimulizi huo ameshajifunza kusema -m-, au bado? Kiarabu kinamruhusu asijibu. Mfasiri wa Kiswahili atajibu kwa niaba yake, na akijibu bila kujua kwamba ameulizwa, atakuwa amefanya uhakiki mbaya kabla mhakiki hajafika.

Kisha jua linazibwa. Wanadamu wanadhani tena kuwa ni wingu, kama mara ya kwanza. Rukhu wanaona yai lao limevunjwa, wanalia, wanalifuata jahazi, wanatoweka, wanarudi na majabali. Jabali la dume linakosa kwa sababu nahodha amepinda usukani. La jike, lililo dogo zaidi, linapiga tezi na kulizamisha jahazi. Katika aya hii li- haifai tena kwa ndege, hata kwa msimulizi aliyeanza nayo. Jiwe ndilo linalobaki katika ngeli ya 5, na wale walioitwa vitu ndio wanaorusha kitu. Anayeendelea kusema dege likalia, dege likarusha jabali analazimika kuwa na li- mbili zinazopigana ndani ya kirai kimoja, ya mrushaji na ya kinachorushwa, na msikilizaji atapotea. Sarufi inamsukuma kuwapa ndege hawa uhai walionyimwa dakika chache kabla. Ni nadra kwa umbo la lugha na tukio la hadithi kukutana hivi bila mtu kupanga.

Wahakiki chipukizi wamezoea kumfanya Rukhu ishara: ya utawala wa kigeni, ya dola kubwa, ya utandawazi. Ndege aliyembeba tembo hashindwi kubeba na hayo. Lakini ishara inayotosha kila kitu haijafungwa kwenye sentensi yoyote ya matini, na katika safari ya tano sentensi zenyewe zinaelekeza kwingine: mwenye nguvu kuliko wote kisiwani ndiye aliyevunjiwa nyumba.

Unyoya wa Abdurrahmani

Ubishi unaweza kuletwa kwamba makala yanakipa kisa hiki uzito wa kimaadili ambao hadithi za ajabu haziutaki. Ubishi huo unajibiwa ndani ya Alfu Lela U Lela yenyewe, kwa kuwa kisa hikihiki kimesimuliwa mara ya pili bila uzito huo. Abdurrahmani wa Maghribi, aliyesafiri hadi bahari ya China, alirudi na unyoya wa kinda la Rukhu ambao shina lake lilijaa maji ya kiriba kizima. Yeye na wenzake walikuta kisiwani kuba lenye kung'aa, wakalipasua kwa mashoka, wakakuta ndani kinda kubwa kama mlima, wakakata nyama yake na kuipika. Wazee waliokula waliamka asubuhi ndevu zao zimekuwa nyeusi. Rukhu alikuja na jiwe, likaangukia baharini, jahazi likanusurika.

Hapa hakuna anayeonya na hakuna anayezama. Wasimulizi wanabishana tu kama ujana ulitokana na nyama au na kijiti kilichokoroga chungu. Kisa hiki ni cha maajabu matupu, na ni kizuri kwa namna yake. Kwa hadithi hii (4) inatosha kabisa: likapasuka, wakalikata, wakalila. Unyoya unaorudishwa nyumbani ni ushahidi na ni chombo cha maji. Kulinganisha visa hivi viwili kunaonyesha kwamba mpangaji wa safari ya tano alikuwa na toleo jepesi katika mapokeo yake na hakulifuata. Alizamisha jahazi. Mfasiri anayetumia upatanisho mmoja kwa visa vyote viwili amefuta uamuzi huo.

Aladini naye ana yai la Rukhu, ingawa kwa upande tu. Kisa hicho hakimo katika hati za kale za Kiarabu. Galland alikisikia mwaka 1709 kwa Hanna Diyab wa Aleppo. Mke wa Aladini anashawishiwa alitake yai la Rukhu litundikwe katikati ya kuba la jumba lake. Jini anaposikia ombi hilo anatetemeka kwa hasira: ameambiwa amlete bwana wake aning'inizwe kama taa. Kwa Kiswahili, kuba na yai vimekutana tena katika li- moja, moja likiwa pambo la jingine, na ni jini, ambaye licha ya wingi wake wa ma- Waswahili humpa a- bila kusita, anayejua kwamba yai hilo si pambo.

Mzee wa Baharini

Jahazi likizama, Sindbad anaelea juu ya ubao hadi kisiwa kingine. Kando ya maji ameketi mzee aliyejifunika majani, hasemi, anaashiria abebwe. Sindbad anamhurumia, anampandisha mabegani. Miguu inamkaza shingoni, myeusi na yenye kukwaruza kama ngozi ya nyati, na mzee hashuki tena, usiku wala mchana. Mtu aliyejifunga kwenye mguu wa ndege pasipo ndege kujua sasa amefungwa kwa miguu ya mwingine, naye anajua kila hatua. Wahakiki wamekitenga kisa hiki na kisa cha yai kana kwamba ni hadithi mbili zilizogandishwa. Jiwe peke yake lingetosha kuwazuia: Sindbad anamlevya mzee kwa mvinyo wa zabibu aliouvundika ndani ya kibuyu, mzee analegea na kuanguka, naye anaokota jiwe kubwa na kumponda kichwa.

Kwa upande wa upatanisho kisa hiki kinakwenda kinyume na cha kinda. Mzee anaanza na a- kamili: yule, amekaa, anaashiria. Ni binadamu, tena mwenye umri wa kuheshimiwa, na heshima hiyo ndiyo inayomnasa Sindbad. Kadiri siku zinavyopita mabegani, msimulizi yeyote wa Kiswahili atavutwa kusema zimwi lile, likanikaba, likanipiga mateke, na hakuna msikilizaji atakayelalamika. Watu wa jahazi lililomwokoa Sindbad humwambia kwamba aliyemuua ni Sheikh wa Baharini, na kwamba hakuna aliyewahi kumpanda begani akatoka hai. Cheo anacho, jina analo. Msimulizi aliyetoka kumpa kinda -m- kurasa chache nyuma ana lake la kuamua anapofika kwenye jiwe: nikalipondaponda, au nikamponda.